Paka wa miezi mitano anafungwa kizazi Alhamisi: nusu kaputi, njaa na kidonda

Zai_Tabata

Wadau, habari za jioni. Nina paka jike wa miezi mitano, kilo 1.9 (nimempima ndani ya beseni juu ya mizani ya jikoni, nikatoa uzito wa beseni). Alhamisi saa 4 asubuhi anafungwa kizazi. Chanjo mbili kashapata, minyoo kanywa dawa, anakula vizuri, hana mafua wala tongo machoni.

Yanayoninyima usingizi ni haya. Nusu kaputi kwa kimwili kidogo hivi, ataamka kweli? Halafu nimeambiwa asile wala asinywe kitu tangu saa 1 jioni ya Jumatano, yaani saa 15 kavu, na huyu anakula mara nne kwa siku. Jirani naye anasisitiza nimwache azae mara moja kwanza ndipo afungwe. Na sina kikapu cha kumbebea. Tutakwenda kwa bajaji.

Naomba majibu ya wanaojua hasa. Kutiwa moyo tu hakutanisaidia.

---

Dkt_Mifugo_Moro

Dada, naanza na njaa kwa sababu hiyo unaweza kuirekebisha kabla ya Alhamisi.

Saa 15 ni nyingi mno kwa paka wa kilo 1.9. Mnyama hunyimwa chakula kwa sababu akilala usingizi wa dawa koo hulegea, na akitapika matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Kwa paka mkubwa mwenye afya, saa 6 zinatosha. Mtoto wa paka ana akiba ndogo ya sukari kwenye ini na misuli yake haijawa mingi. Akilala na njaa usiku kucha, sukari ya damu hushuka, na dawa ya usingizi huficha dalili zake. Ndipo unapompata paka aliyepoa, aliyelegea, anayechelewa kuamka, na watu wanadhani dawa ilimzidi. Kwa uzito na umri wa huyu wako, saa 4 bila chakula zinatosha.

Fanya hivi. Jumatano usiku ale kama siku zote. Alhamisi saa 12 asubuhi apate robo ya mlo wake, tuseme vijiko viwili vya chai vya kuku wa kuchemsha au samaki asiye na miiba, bila mafuta wala kitunguu. Akimaliza, sahani iondoke. Maji yabaki mbele yake mpaka mnapotoka nyumbani. Maziwa hesabu ni chakula, kwa hiyo asipewe.

Ila usifanye kimyakimya. Piga simu kesho, waambie uzito na umri wake, uulize kama mlo mdogo wa saa 12 unakubalika. Anayemlaza lazima ajue alikula nini na saa ngapi. Kliniki nyingi hutoa agizo moja la "tangu jioni" kwa wanyama wote kwa kuwa ni rahisi kukumbukwa, na mbwa wa kilo 30 halimsumbui. Ukitaja kilo 1.9, daktari makini atakubadilishia. Pia omba awe wa kwanza au wa pili kwenye orodha ya siku hiyo, ili saa 4 zisije zikawa 8 akiwa ndani ya kizimba anasubiri.

Sasa kuamka. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza kati ya 2002 na 2004 ulikuta kwamba paka wenye afya waliofariki kwa sababu zinazohusiana na dawa ya usingizi ni karibu 1 kati ya 900. Hatari ipo, ni ndogo. Ila kuna jambo jingine kwenye utafiti huo ambalo wenye paka hawaambiwi: vifo vingi havikutokea wakati wa kupasuliwa. Vilitokea baadaye, hasa ndani ya saa 3 za kwanza, paka akiwa kwenye kizimba na kila mtu kaenda kumshughulikia mgonjwa mwingine. Kwa hiyo swali la kuuliza kliniki ni "nani atakaa naye akishatoka mezani, na kwa muda gani?" Ukijibiwa kuna mtu anayempima joto na kumtazama kila dakika chache mpaka anyanyue kichwa na kulala kifudifudi mwenyewe, nusu ya wasiwasi wako imejibiwa.

Uliza na haya, kwa adabu tu, si kwa kuwahoji:

Wanamzuiaje asipoe? Joto la kawaida la paka ni nyuzijoto 38 hadi 39.2. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, dawa huzima kutetemeka, tumbo limenyolewa na kulowanishwa kwa spiriti, na meza ni ya chuma. Ndani ya nusu saa ya kwanza joto linaweza kushuka sana, hata hapa kwetu kwenye joto la Dar, kwa sababu chumba cha upasuaji mara nyingi kina kiyoyozi. Paka aliyepoa huchelewa kuivunja dawa mwilini na damu yake huchelewa kuganda. Taulo chini yake, soksi miguuni, chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa: vitu vya bei ndogo, kazi yake kubwa.

Watamwekea kanula (kijirija chembamba cha kwenye mshipa) mguuni? Mshipa ukiwa wazi tangu mwanzo, dawa ya dharura au glukosi huingia kwa sekunde. Kuutafuta mshipa wa paka ambaye presha imeshashuka ni kazi ngumu.

Kuna oksijeni, na kile kibanio cha ulimini kinachosoma oksijeni na mapigo ya moyo? Hata kama hakipo, mtu mmoja asiyeshika kisu awe na stetoskopu, kazi yake iwe kumsikiliza paka tu.

Lini atapewa dawa ya maumivu? Jibu zuri ni kabla ya kupasuliwa, si baada ya kuanza kulia.

---

Likoni_Paka

Salaam kutoka Mombasa. Daktari amemaliza mambo ya ndani, mimi niongezee safari, maana paka wengi hufika kliniki wakiwa wamehangaika mpaka dozi ya kawaida haiwalazi vizuri.

Dadangu, usimpakate mikononi kwenye bajaji. Honi moja na amekwenda, na paka aliyerukia barabarani hasubiri kuitwa. Usimtie kwenye kiroba wala gunia. Hewa ni haba na joto humzidi upesi. Kama kikapu cha paka hakipatikani, chukua kreti mbili za plastiki zenye matundu, zile za mboga, moja ifunike nyingine, uzifunge kwa kamba pande zote nne. Hakikisha kichwa chake hakipenyi kwenye tundu lolote. Ndani tandika khanga uliyoilalia, ina harufu yako. Juu funika kitambaa chepesi upande mmoja ubaki wazi kwa hewa.

Na uanze leo, si Alhamisi. Kreti ikae sebuleni wazi, weka dagaa wawili ndani kila jioni, aingie na kutoka atakavyo. Akizoea kulala humo kwa siku mbili tatu, siku ya safari haoni kitu kigeni. Ndani ya bajaji iweke sakafuni kati ya miguu yako, mbali na jua, uibane isiteleze kwenye kona. Mkifika, iweke juu ya kiti au mapajani, ukimwelekeza ukutani, kwa kuwa kukutanishwa macho na mbwa wa watu humtisha zaidi kuliko sindano.

Usimwogeshe Jumatano. Na kama ana viroboto, mwambie daktari badala ya kukimbilia dawa ya mbwa. Dawa nyingi za viroboto za mbwa zina pamethrini, ambayo paka hawezi kuivunja mwilini. Humletea mitetemeko na degedege. Viroboto wengi kwa paka mdogo hunyonya damu hadi fizi zikawa nyeupe, na paka mwenye upungufu wa damu hafai kupasuliwa wiki hiyo.

---

Mzee_Kigamboni

Mimi naona jirani ana hoja. Mnyama akifungwa kabla hajakomaa hadumai? Angalau aone joto la kwanza, yaani aanze kutaka dume.

---

Dkt_Mifugo_Moro

Mzee wangu, shikamoo. Hadumai. Mifupa ya miguu hufunga ukuaji wake kwa kuchelewa kidogo, pengine akawa mrefu kidogo kuliko ambavyo angekuwa, basi.

Kungoja joto la kwanza kuna gharama mbili. Ya kwanza ni uvimbe wa matiti. Kwa paka, zaidi ya 8 kati ya 10 ya uvimbe huo ni saratani. Akifungwa kabla ya miezi 6, hatari hiyo hupungua kwa karibu asilimia 90, na kinga hiyo huwa ndogo kadiri anavyochelewa. Kuzaa mara moja hakumwongezei faida yoyote mwilini. Ya pili ni kalenda. Ulaya paka jike hupumzika majira ya baridi siku zikiwa fupi. Huku kwetu karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mwili wake haupati ishara ya kupumzika. Anaweza kuingia kwenye joto akiwa na miezi minne, akarudia kila baada ya wiki mbili tatu, na mayai hushuka kwa kule kupandwa kwenyewe, ndiyo maana hushika mimba kirahisi. Mimba ni siku 63 hadi 65. Ukingoja "angalau mara moja," unapata paka wa miezi saba mwenye watoto wanne tumboni, naye mwenyewe bado hajamaliza kukua.

Dada Zai, ikitokea kabla ya Alhamisi ameanza kulia kwa sauti nzito, anabiringika na kuinua nyuma, wajulishe kliniki. Mishipa ya mfuko wa uzazi hujaa damu wakati wa joto na nyama huwa laini, uzi unaweza kukata. Madaktari wengine hufanya hivyohivyo kwa uangalifu zaidi, wengine huahirisha. Uamuzi ni wa atakayeshika kisu.

---

Zai_Tabata

Nawashukuru sana. Nimepiga simu: wamekubali mlo wa saa 12 na atakuwa wa kwanza. Nimeuliza nani atakaa naye, nikaambiwa kuna muuguzi, mwenyewe kachukua simu akanieleza.

Naomba nielezwe wanachomfanya hasa, maana nisichokijua ndicho kinachonitisha. Na akirudi nyumbani nifanye nini? Nina Panadol na Dettol tayari.

---

Muuguzi_Paka

Dada, hivyo viwili vitoe kabisa kwenye mpango wako, kabla sijaandika lolote jingine.

Panadol ni parasetamoli. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kinachoivunja, kwa hiyo sumu hubaki na kuharibu chembe nyekundu za damu zisibebe oksijeni. Robo ya kidonge cha miligramu 500 inatosha kumuua paka wa kilo mbili. Dalili ni fizi kuwa za kahawia au buluu, uso kuvimba, kuhema. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini pia asipewe. Hata meloksikamu, ambayo daktari anaweza kumpa, ya watu haifai: dozi ya paka ya kunywa nyumbani ni miligramu 0.05 kwa kilo kwa siku, kwa huyu ni kama 0.1, na kidonge cha watu cha 7.5 ni zaidi ya mara 70 ya hapo. Mpe ile tu aliyopimiwa kliniki kwa bomba lake la sindano, na kama amekataa kula au anatapika, isimamishe upige simu.

Dettol ina kemikali za jamii ya fenoli, paka hawezi kuzivunja. Ukimpaka ataramba. Kidonda kilichoshonwa hakioshwi kwa chochote, si spiriti, si maji ya chumvi, si mafuta. Kinatazamwa tu, mara mbili kwa siku, kwenye mwanga.

Sasa wanachomfanya. Atachomwa sindano ya msuli, mara nyingi ketamini pamoja na dawa ya kutuliza na ya maumivu. Baada ya dakika 5 hadi 10 amelala. Ketamini huacha macho wazi na mboni zimepanuka. Ndiyo maana hupakwa mafuta ya macho yasikauke. Usishtuke ukimwona hivyo. Tumbo litanyolewa, kisha mkato wa sentimita 2 hivi chini ya kitovu, au ubavuni kushoto kwa baadhi ya madaktari. Ovari mbili hufungwa uzi kwenye mishipa yake na kukatwa, kisha mfuko wa uzazi hufungwa karibu na shingo yake. Kufunga ni kwa tabaka: ukuta wa tumbo, mafuta chini ya ngozi, halafu ngozi. Tabaka la kwanza ndilo linaloshikilia utumbo usitoke. Kazi yote ni dakika 15 hadi 30 kwa mkono uliozoea.

Ukienda kumchukua, awe anaweza kusimama, hata kama anayumba. Akiwa hajainua kichwa, mwombe muuguzi abaki naye. Ulizia pia kama nyuzi za ngozi zinayeyuka au za kutolewa. Za kutolewa ni siku ya 10 hadi 14.

Usiku wa kwanza: chumba kidogo, godoro lake sakafuni, feni imezimwa, hakuna kabati wala kitanda cha kurukia, kwa sababu atajaribu na ataanguka. Chupa ya maji ya moto iviringishe taulo na uiweke upande mmoja tu ili aweze kujiondoa. Paka mwenye usingizi wa dawa anaungua bila kusogea. Maji kidogo akishasimama imara. Kijiko kimoja cha chai cha chakula baada ya saa mbili. Kikitulia tumboni, kingine baada ya saa moja. Usimmiminie maziwa mdomoni kwa nguvu, yataingia mapafuni. Akiwa baridi na mlegevu hivi hivi, msugulie glukosi au asali kidogo kwenye fizi na uende kliniki papo hapo, usingoje kuona kama itamsaidia.

Pima hali yake kwa fizi: bonyeza kwa kidole, uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Fizi nyeupe, tumbo linalojaa, ubaridi na udhaifu unaozidi ndani ya saa 24 za kwanza ni dalili za damu kuvuja ndani, yaani uzi wa mshipa umelegea. Hiyo ni dharura hata kama ni saa 8 usiku, kwa hiyo chukua namba ya simu ya usiku kabla hujaondoka kliniki. Akihema zaidi ya mara 40 kwa dakika akiwa amelala, au akihema mdomo wazi, vilevile. Kutokukojoa mpaka kesho yake si ajabu, na choo kikubwa kinaweza kuchelewa siku mbili. Kutokula hadi kesho asubuhi kwa umri wake si kawaida: piga simu.

Halafu kuna hili la mazingira yetu. Sisimizi na nzi. Kidonda chenye unyevu huvuta nzi, na mabuu yanaweza kutokea ndani ya siku moja. Asitoke nje siku 10. Mabaki ya chakula yasikae chumbani, maana sisimizi wakishazoea njia ya sahani hufuata na paka. Toa mchanga kwenye beseni lake la kujisaidia, na maranda pia, weka magazeti yaliyochanwa kwa siku 5 ili chembe zisigande kwenye nyuzi.

---

Zai_Tabata

Nimeelewa, vimeshatoka. Kola, ile ya kuvaa shingoni asirambe kidonda, nimeitafuta, za paka mdogo hakuna. Na nina kaka yake, tumbo moja, miezi mitano vilevile. Walale pamoja?

---

Muuguzi_Paka

Kola ni muhimu kwa kuwa ulimi wa paka una miiba, mirambo michache inafumua nyuzi. Mbadala ni fulana ya mtoto mchanga yenye vifungo chini ya mapaja: miguu ya mbele kwenye mikono, kata tundu la mkia, funga vifungo pande zake akiwa na nafasi ya kujisaidia. Kidole kimoja kipite shingoni. Ikilowa mkojo ibadilishe mara moja, kwa hiyo uwe nazo tatu. Usimvue anapoonekana kapona siku ya 4. Siku ya 4 hadi ya 7 kidonda huwasha na ndipo wengi hufumuka.

Pengine siku ya 5 utahisi kinundu kigumu kama punje ya maharage chini ya mshono. Kisipouma, kisipokuwa na moto, ni mafundo ya uzi, huyeyuka kwa wiki kadhaa. Kikiwa laini, kinakua kila siku, au kina usaha na harufu, apelekwe, na usikibonyeze kukirudisha ndani.

---

Likoni_Paka

Kuhusu kaka yake: watenganishe siku tatu za kwanza. Atakuja na harufu ya spiriti na ya kliniki, na ndugu yake anaweza asimtambue, amfokee na kumpiga kucha kama mgeni. Kabla hujaondoka Alhamisi, sugua kitambaa mashavuni mwa huyo dume, ukiweke ulipotandika jike. Akirudi, sugua kingine mashavuni mwa jike ukipeleke chini ya sahani ya dume. Wakutane siku ya 4 wakati wa kula, wewe ukiwepo, dakika 10 tu. Mchezo wa kubebana miereka usubiri mpaka nyuzi zitoke.

Na umwekee miadi naye. Dume wa miezi mitano yuko karibu kuanza kupulizia mkojo ukutani, na tabia hiyo ikishashika huwa ngumu kuiondoa hata baada ya kuhasiwa. Kwake mkato ni mdogo, mara nyingi haushonwi kabisa, mlo wa asubuhi ni uleule wa saa 4 kabla. Ila usiwapeleke wote wawili siku moja. Ukiwa na mtu mmoja wa kukesha, awe na paka mmoja wa kumtazama.